Lenzi za Kulengwa kwa Mkono Katika Zama za Dijitali

Picha za uhuru na za muungano wa nchi zetu, tangu zile za Dar es Salaam za Desemba 1961 hata ile mashuhuri ya mwaka 1964 imwonyeshayo Mwalimu Julius Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar, zilipigwa wakati ambapo hapakuwa na kamera madukani iliyoweza kujilenga yenyewe, na kila aliyetaka uso wa kiongozi utoke dhahiri, wala usififie, alikuwa hana budi kuzungusha pete ya lenzi kwa vidole vyake. Kamera ya kwanza ya kujilenga iliyouzwa kwa wingi, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977. Na mwaka 1985 kampuni ya Minolta ikatoa kamera yake ya 7000, yenye mtambo wa kulenga ndani ya mwili wake na lenzi za kubadilishwa, ikapendwa mno, na kampuni nyingine zikaifuata. Tangu hapo lenzi za mkono zikashuka thamani, hata zikawa zinauzwa kwa bei ya kutupa, ilhali vioo vyake havikuwa na kasoro yoyote.

Zilizozirudishia lenzi hizo heshima yake ni kamera za dijitali, tena zile za karibuni kabisa, na sababu yake yastahili kuelezwa kwa utaratibu. Baina ya ukingo ambapo lenzi hufungwa na mahali taswira inapoangukia, yaani filamu hapo zamani na sensa siku hizi, pana masafa maalumu ambayo kila kampuni ilijichagulia, na lenzi zake zote zikaundwa kwa kuyategemea masafa hayo. Ya lenzi za Nikon zilizoanza kutoka mwaka 1959 ni milimita 46.5, ya lenzi zenye hesi za milimita 42, zilizofungwa kwenye Praktica za Ujerumani ya Mashariki, Zenit za Kirusi na Pentax za Kijapani, ni milimita 45 na nusu hivi, na ya lenzi za Canon za aina ya FD, zilizotoka mwaka 1971, ni milimita 42. Masafa hayo yalikuwa marefu kwa sababu nyuma ya lenzi kulikuwa na kioo kilichowekwa mshazari, kikiirusha taswira juu hata ifike kwenye jicho la mpigapicha, na kikiinuka kila shata inapofunguka.

Mwaka 2008 Panasonic ikaleta kamera ya G1, iliyoweza kubadilishwa lenzi lakini haikuwa na kioo hicho. Sony ikafuata mwaka 2010, na kwa kuwa kioo kimeondoka, masafa ya kamera zake yakapungua hadi milimita 18. Basi tofauti iliyobaki, milimita 28 na nusu kwa lenzi ya Nikon, yaweza kujazwa na bomba tupu la chuma, lisilo na kioo wala waya ndani yake, na lenzi iliyoundwa mwaka 1960 ikakaa mbele ya sensa mahali pale pale alipokusudia fundi wake. Bomba hilo, liitwalo adapta, ni rahisi kwa bei, nalo, likitengenezwa sawasawa, halipunguzi chochote katika ubora wa picha. Jambo hili halikuwezekana kwa kila lenzi katika kamera za dijitali zenye kioo: lenzi ya Canon FD, mathalan, haikuweza kufungwa kwa bomba tupu kwenye kamera za Canon yenyewe zilizokuja baadaye, zenye masafa ya milimita 44, kwa kuwa ingekaa mbali kuliko ipasavyo, isiweze tena kulenga milima wala upeo wa bahari.

Kamera mpya ikifungwa lenzi ya namna hii haitambui kwamba ina lenzi, na aghalabu hukataa kupiga mpaka mwenyewe aingie katika mipangilio yake na kuiruhusu ifanye kazi bila lenzi. Aidha, ikiwa sensa yake ina mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, yapasa iambiwe lenzi ni ya milimita ngapi. Apecha, yaani tundu la lenzi lipitishalo nuru, huchaguliwa kwa pete iliyo kwenye lenzi, na kasi ya shata yaweza kuachiwa kamera.

Katika kulenga kwenyewe kuna misaada miwili ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Wa kwanza ni kamera kuzitia rangi, nyekundu au njano, kingo za vitu vilivyolengwa sawasawa. Wa pili ni kukuza sehemu ndogo ya taswira mara tano au kumi, hata kope za mtu zihesabike. Nionavyo mimi, msaada wa kwanza hupendwa kupita kiasi. Rangi ile huzifuata kingo kali popote zilipo, na lenzi ikiwa imefunguliwa sana hutapakaa mahali ambapo picha, ikitazamwa baadaye kwa ukubwa wake, huonekana imekosa shabaha kidogo. Kwa hiyo rangi na ikuonyeshe pa kuanzia, kisha uikuze taswira na kuihakikisha kwa jicho lako.

Uangalifu huu hauna mbadala, kwani eneo linaloonekana dhahiri katika picha ni jembamba kuliko watu wanavyodhani. Lenzi ya milimita 50 iliyofunguliwa hadi f/1.4, kwenye sensa yenye ukubwa wa filamu ya milimita 35, ikimlenga mtu aliye umbali wa mita moja, huonyesha dhahiri kina cha sentimita tatu tu, hata ukiilenga ncha ya pua, macho yamekwisha kufifia. Ifunge lenzi hiyo hiyo hadi f/8 na urudi nyuma mpaka mita mbili, na kina hicho hufika robo tatu ya mita. Mafundi wa zamani waliichonga elimu hii kwenye mwili wa lenzi, kwa mistari na tarakimu ambazo lenzi nyingi za leo hazina: mwenye lenzi ya milimita 35 akiweka f/8 na kuilenga mita tano, basi kila kitu tangu mita mbili na nusu hadi upeo wa macho kitatoka wazi, na anaweza kupita sokoni akipiga picha bila kugusa pete tena. Kwa mazoezi mkono huyajua masafa hayo, kama kidole cha mpigaji udi kinavyojua mahali pa sauti kwenye uzi usio na alama yoyote.

Faida niithaminiyo kuliko zote ni hiari. Kamera za siku hizi zimefundishwa kuutafuta uso wa mtu, na ndani ya uso kulitafuta jicho, na kazi hiyo huifanya vizuri sana. Lakini mwenye kumpiga picha bibi anayesuka ukili pengine hakusudii uso, bali vidole vyake na miyaa inayopishana, na mpigapicha anayechungulia kupitia wavu wa mvuvi hakusudii wavu. Mtambo hauwezi kuijua nia iliyo moyoni mwa mtu, ilhali mkono unaoizungusha pete hauna amri nyingine ila nia hiyo.

Walakini nisifiche: kwa mechi ya mpira, watoto wanaokimbia, au harusi ya kulipwa ambamo bibi harusi hataingia ukumbini mara ya pili, kamera ya kujilenga ndiyo itumike.

Kwa anayetaka kuanza, lenzi ya Helios 44, ya milimita 58 na f/2, ni chaguo jema. Ilitengenezwa kwa wingi mno katika Umoja wa Kisovieti, kwa kufuata lenzi ya Biotar ya Carl Zeiss wa Jena, na wengi huipenda kwa jinsi majani na taa zilizo nyuma ya mtu zinavyoonekana kumzunguka. Super-Takumar ya milimita 50 na f/1.4 ni bora zaidi, ila baadhi ya vioo vyake vilichanganywa madini ya thoriamu, yenye mnururisho mdogo. Havina hofu kwa matumizi ya kawaida, lakini hubadilika kuwa njano kwa miaka, na kuwekwa juani siku nyingi hurudisha weupe wake.

Huku pwani adui mkubwa wa lenzi ni kuvu. Hupenda unyevu na giza, hutambaa juu ya kioo kama utando, na akiachwa hula lile tabaka jembamba lililopakwa juu yake, na dawa hapo hakuna. Lenzi isifungiwe katika mfuko wa ngozi. Iwekwe katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na itumiwe mara kwa mara.

Basi wewe uliyerithi kamera ya marehemu babu au baba, usiiuze kwa bei ya chuma chakavu kabla hujaifungua lenzi yake na kuitazama mbele ya nuru. Ikiwa kioo ni safi na pete zazunguka, nunua adapta, uianze kazi.