Shimo la Moto Lisichimbwe

Miongoni mwa kazi za gesi, ile ninayoiendea kwa hadhari kubwa kuliko zote ni ya shimo la moto la bustanini, ambalo baadhi ya hoteli za fukweni na watu wenye nafasi huliwasha kwa gesi ya mtungi ili wageni walizunguke usiku. Hatari yake haimo katika bomba peke yake, bali imo katika umbo la shimo lenyewe.

Gesi ya mtungi, yaani propani na butani, ni nzito kuliko hewa, ya kwanza takriban mara moja na nusu, ya pili mara mbili; ikivuja hairuki ikapotea, bali huteremka na kutuama baina ya mawe kama maji katika bakuli, na ikifikia kiasi cha sehemu 2 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Wenye nyumba aghalabu huniambia kuwa upepo wa bahari utaifagia. Upepo hupita juu ya kingo; gesi iko chini.

Ndiyo maana, kabla sijashika spana, huutazama ukuta unaouzunguka moto kama una matundu ya hewa karibu na sakafu, katika pande zinazoelekeana. Shimo lililozama ardhini haliwezi kuwa nayo, na rai yangu, ijapokuwa huwaudhi wachoraji wa bustani, ni kwamba jiko la gesi ya mtungi lijengwe juu ya ardhi, lisichimbwe kamwe. Koki ya kufungia iwe nje ya ukuta, mahali ambapo mkono utaifikia bila kuvuka moto, na mpira wa gesi uishie mbali na joto, palipobaki pafikiwe kwa bomba la chuma.

Harufu tunayoitegemea kugundua uvujaji si ya gesi yenyewe. Gesi asilia isiyo na harufu ilipoilipua skuli ya New London, Texas, tarehe 18 Machi 1937, ikaua watu wapatao 300, wengi wao watoto, ndipo sheria ya jimbo hilo ilipoamuru gesi itiwe harufu. Lakini pua ya mtu aliyesimama iko juu, na gesi ya mtungi imelala miguuni pake. Basi fundi asiiamini pua yake, apake povu la sabuni kila kiungo, koki ikiwa wazi na moto wowote haupo karibu. Povu likivimba, afunge mtungi, angoje hewa isafike, ndipo akaze au abadilishe, kisha apake tena. Bomba jipya lipimwe kwa hewa iliyoshindiliwa na geji, wala si kwa oksijeni, ambayo ikikutana na mafuta yaliyosalia bombani huweza kuyawasha pasipo cheche.