Gari la Kujibamba Mashambani: Usimalize Pesa Zote Siku ya Kununua

Si kila gari hununuliwa likupeleke kazini na kukurudisha. Kuna mtu anataka gari la Jumamosi. Anatoka Nairobi mapema, anapita Kiserian, anashuka Kona Baridi kuelekea Magadi, madirisha wazi, hana haraka. Kama huyo ni wewe na mfuko wako ni wa kawaida, Kenya imejaa magari ya bei ya chini yanayosukumwa na tairi za nyuma. Shida ni kwamba mengi yamechoka, na wanaoyauza wanajua vile unayapenda.

Kwa nini tairi za nyuma? Kwa magari mengi madogo tuliyozoea, kama Vitz na Demio, tairi za mbele zina kazi mbili: kuvuta gari na kulielekeza. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona unazisikia zikilalamika, na gari linataka kwenda moja kwa moja badala ya kukata kona. Gari la tairi za nyuma limegawa hiyo kazi. Za mbele zinaelekeza, za nyuma zinasukuma, na mikononi unahisi barabara vizuri zaidi. Hata kwa kilomita 60 kwa saa unafurahia. Wazee wetu wanalijua hili: Peugeot 504 iliyoshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na Datsun 160J iliyoshinda 1979 zote zilikuwa za tairi za nyuma.

Sasa, lipi?

Wengi watakwambia Mark X, na wako na sababu. Kizazi cha kwanza kilitoka 2004 na kina injini ya V6 ya lita 2.5 au 3.0. Fundi wa Toyota hukosi popote, na spea zake si za kutafuta kwa tochi. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, zingine ni za magurudumu yote manne, kwa hivyo thibitisha unachonunua. Pili, ile injini ya 2.5 inajulikana kwa kula oili na kujaza masizi ndani ikiwa haikutunzwa. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha oili uangalie kiwango, kisha iwashwe ukiwa umesimama nyuma. Moshi wa bluu ukitoka, shukuru na uende zako. Tena Mark X ni otomatiki, na ni zito kidogo. Ni gari la kusafiri kwa raha kuliko la kucheza na kona.

Mimi ningechagua Toyota Altezza. Lilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, ni jepesi kuliko Mark X, na unaweza kupata la gia sita za mkono. Ya RS200 ina injini ya silinda nne inayopenda kuzungushwa, na ya AS200 ina silinda sita, ni polepole zaidi lakini laini. Kwa barabara nyembamba ya Tigoni katikati ya majani chai, ile nguvu ya AS200 inatosha kabisa. Nguvu nyingi unazilipia kwa petroli na hupati mahali pa kuzitumia. Tatizo la Altezza ni umri. Sheria yetu hairuhusu kuagiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo yote unayoyaona yameshapita mikono kadhaa hapa nchini, na mengine yamepita mikono ya vijana waliotaka kuteleza nayo kila wikendi.

BMW E46 nalo huuzwa bei ambayo hukufanya usugue macho. Usukani wake ni mtamu kuliko wa hayo mawili. Ila mfumo wake wa kupoza injini una sehemu nyingi za plastiki ambazo huzeeka na kupasuka, na gari likichemka ukiwa katikati ya Bonde la Ufa utajua kwa nini lilikuwa rahisi. Linunue tu kama tayari una fundi anayelijua na pesa za kubadilisha rejeta, pampu ya maji na mipira yake mapema, kabla hazijaharibika.

Hali ya gari ni muhimu kuliko jina lililoandikwa nyuma. Altezza lililochoka halitakupa raha ambayo Mark X lililotunzwa litakupa.

Hapo ndipo bajeti inapoingia. Tuseme umeweka 800,000. Usitafute gari la 800,000. Tafuta la 650,000, na hiyo 150,000 iweke kwa akiba iliyofungwa kwenye simu, usiiguse hadi gari liwe nyumbani. Ya kwanza kutoka hapo ni tairi. Gari la tairi za nyuma lenye tairi zilizokwisha, mvua ikinyesha na barabara ina mafuta na udongo, mkia unaweza kukupita. Angalia tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri na bado ni nzee, ngumu kama ubao. Baada ya tairi ni breki, kisha bushi na shokomzoba za nyuma. Bima pia: kampuni nyingi hazipendi kutoa ile kubwa kwa gari lenye miaka mingi, kwa hivyo uliza kabla ya kununua, usiulize ukishapata ajali.

Niseme neno kuhusu barabara zenyewe, kwa sababu hazina wewe peke yako. Kutoka Iten kushuka Tambach hadi Kerio ni kati ya barabara tamu zaidi nchini, kona baada ya kona. Pia ndiyo Iten ya wanariadha, na asubuhi wanakimbia pembeni mwa lami. Kwenye vituo vya biashara mwendo ni kilomita 50, na kuna watoto wa shule, mbuzi na boda zinazoingia bila kuangalia. Mteremko mrefu kama huo shuka na gia ndogo. Ukikalia breki zitapata moto na utakanyaga hewa.

Turudi kwa pesa, maana hapa ndipo watu wanalia.

Ukiona gari mtandaoni kwa bei ya kushangaza, na muuzaji anasema kuna mtu mwingine anakuja jioni, "tuma tu elfu ishirini nikushikie", usitume. Gari ambalo hujaligusa halihitaji kushikiwa. Pesa ikishatumwa kwa namba ya mtu na akaitoa, kuirudisha ni vigumu sana, hata ukitupigia dakika hiyo hiyo.

Kabla ya hata shilingi moja kwenda kwa muuzaji, fanya upekuzi wa gari NTSA kupitia eCitizen. Ada unalipa kwa simu, Paybill 222222, na unapata rekodi ya nani mwenye gari na kama kuna benki au sacco inayolidai. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha anayekuuzia. Kama ni "gari la kaka yangu yuko ng'ambo", basi kaka apige simu ya video na alete karatasi za wakili.

Siku ya kulipa, andikeni mkataba wenye namba ya chasisi, bei, na namba ya kila muamala. Kiasi kikubwa kinaweza kuzidi kiwango cha siku kwenye simu yako, kwa hivyo panga mapema kama utatuma kwa awamu au kupitia benki. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likiwa tofauti na la mkataba, funga simu. Na salio la mwisho liachilie muuzaji akishaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, nawe umeuona kwenye yako na kuukubali. Zile jumbe za malipo usizifute. Fundi wa tairi anaweza kusubiri hadi Jumatatu.