Nyumba ya Waziri Mkuu wa Kanada na Silaha Zilizozeeka

Katika nchi nyingi za dunia malalamiko ya raia juu ya nyumba za wakubwa ni ya namna moja: kwamba ni kubwa mno, na kwamba kodi ya maskini imekwisha kwa mazulia na mapazia. Huko Kanada mambo ni kinyume. Nchi hiyo ni miongoni mwa nchi tajiri za dunia, lakini nyumba iliyotengwa kwa ajili ya Waziri Mkuu wake ilifungwa mwezi wa Novemba, 2022, kwa sababu ya panya. Walikuwa ndani ya kuta, darini na chini ya nyumba, na mavi yao na mizoga yao ilitia hofu juu ya hewa waliyovuta wafanya kazi waliobaki humo. Waziri Mkuu mwenyewe hakuwamo. Alikuwa hajalala katika nyumba hiyo tangu aliposhika madaraka mwaka 2015.

Nyumba yenyewe ni ya mawe, nayo iko Ottawa, barabara ya Sussex, namba 24, juu ya genge linaloutazama mto. Aliijenga tajiri mmoja wa biashara ya mbao, Joseph Currier, ambaye pia alikuwa mjumbe wa Bunge, ikamalizika mwaka 1868. Mwaka 1943 Serikali iliitwaa kwa nguvu ya sheria, isije ikaangukia mikononi mwa wafanya biashara, na tangu 1951 ikawa makao ya Waziri Mkuu. Wa kwanza kuingia, Louis St. Laurent, hakupenda kuhamia humo. Alikubali kwa sharti kwamba atalipa kodi ya nyumba kama mpangaji mwingine yeyote. Hapo ndipo ilipoanza ile haya ambayo imeitafuna nyumba hiyo zaidi ya panya.

Kwani kila Waziri Mkuu aliyejaribu kuitengeneza alijuta. Pierre Trudeau alijengewa bwawa la kuogelea mwaka 1975. Fedha zilitoka kwa marafiki, wala si katika hazina ya Serikali, lakini kelele zake zilidumu miaka mingi. Brian Mulroney naye alipamba vyumba kwa fedha za chama chake, na habari hiyo ilipojulikana mwaka 1987 ikawa aibu kubwa kwake. Waliowafuata waliona, wakajifunza. Paul Martin, alipokuwa akitawala kati ya 2003 na 2006, alionekana katika televisheni akifanyiwa mzaha na mchekeshaji kwa sababu madirisha yake yalipitisha upepo wa baridi, na dawa waliyoiendea dukani ni karatasi za plastiki za kuyaziba. Watu walicheka sana. Madirisha yalibaki vile vile.

Mwaka 2008 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aliandika bila mzaha. Alieleza kwamba nyaya za umeme, mabomba na madirisha yalikuwa yamechakaa, kwamba kulikuwa na asbesto, na kwamba kazi ilihitaji kiasi cha dola milioni 10 pamoja na nyumba kuwa tupu kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi. Stephen Harper, Waziri Mkuu wa wakati huo, hakutaka kuhama. Alikaa humo mpaka 2015. Justin Trudeau, mwana wa Pierre, ambaye alilelewa katika nyumba hiyo tangu utoto, aliikataa, akahamia nyumba ndogo katika uwanja wa Gavana Mkuu, iitwayo Rideau Cottage. Yeye alitamka wazi lile ambalo wenzake waliliweka moyoni: kwamba hakuna Waziri Mkuu atakaye kuonekana akitumia fedha za kodi juu ya nyumba hiyo. Kufika mwaka 2021 halmashauri inayotunza majengo hayo ilisema kwamba kazi iliyoahirishwa imefika zaidi ya dola milioni 36.

Mkulima aliyeacha bati moja linalovuja mpaka boriti zikaoza ataifahamu hesabu hii bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba mkulima huyo hulipa mwenyewe kwa uzembe wake. Mwanasiasa anayeahirisha hupata sifa ya ubanaji leo, na gharama humwangukia mwingine, labda wa chama kingine, baada ya miaka 10. Anayetengeneza hupata lawama asubuhi ile ile, na bati zuri humfunika adui yake. Kwa hiyo si ajabu kwamba vyama viwili vikubwa, ambavyo hugombana katika kila jambo, katika jambo hili vimefanana kama mapacha.

Mtu angeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya nyumba tu, wala nchi haifi kwa dirisha. Ni kweli. Lakini ugonjwa huo huo umeingia katika ulinzi wa nchi, na huko gharama zake si za kuchekesha. Mwaka 1993 Jean Chrétien aliomba kura akiahidi kufuta mkataba wa helikopta mpya za jeshi la majini, uliofanywa na serikali iliyotangulia. Alisema kwamba ni anasa ambayo nchi haiwezi kuilipia. Akashinda, na mara akaufuta. Kuuvunja mkataba huo kuligharimu karibu dola milioni 500, na kwa fedha hizo haikupatikana helikopta hata moja. Rubani wakaendelea kurusha zile za zamani, Sea King, zilizoanza kazi mwaka 1963. Zilistaafu mwaka 2018, zikiwa na umri wa miaka 55. Walikuwako waliozirusha ambao hawakuwa wamezaliwa siku zilipofika.

Chrétien huyo huyo alionja ubovu wa ulinzi nyumbani kwake. Usiku mmoja wa Novemba, 1995, mtu mwenye kisu aliruka ua wa namba 24, akavunja kioo cha mlango, akapanda juu mpaka karibu na chumba cha kulala. Aliyeiokoa nyumba ni mkewe, Mama Aline, aliyeufunga mlango upesi na kuwaita polisi, na mumewe akasimama ameshika sanamu ya jiwe iliyochongwa na Wainuit. Polisi walichukua dakika kadhaa kufika, ingawa walikuwa pale pale uwanjani.

Habari ya ndege za kivita ni kama ya helikopta. Mwaka 2010 serikali ya Harper ilitangaza kununua ndege za F-35 kutoka Marekani. Kelele juu ya bei zikazidi, shauri likawekwa kando. Mwaka 2015 Trudeau aliomba kura akiahidi kwamba hatazinunua ndege hizo. Katikati ya mabishano, jeshi likanunua ndege kuukuu zilizotumiwa na Australia. Mwezi wa Januari, 2023, serikali hiyo hiyo ya Trudeau ilikubali kununua F-35 88. Askari wa akiba wa kaskazini waitwao Canadian Rangers, ambao wengi ni wenyeji wa nchi za barafu, walipewa bunduki za Lee-Enfield kikosi chao kilipoanzishwa mwaka 1947, nazo ni za ukoo mmoja na zile walizochukua askari wa King's African Rifles huko Burma. Walikuwa wakizitumia bado baada ya mwaka 2010. Haki yao isemwe: ni bunduki imara, wala hazikatai kazi katika baridi kali. Lakini vipuri vyake vilikuwa vigumu kupatikana.

Mwaka 2014, katika mkutano wa Wales, nchi za shirika la kujihami la NATO zilikubaliana kwamba katika muda wa miaka 10 kila moja ijitahidi kufikia sehemu 2 katika kila 100 ya mali yote izalishwayo nchini kwa mwaka. Yaani nchi ikipata shilingi 100, shilingi 2 ziende kwa ulinzi. Kanada, ambayo ni miongoni mwa waanzilishi wa NATO mwaka 1949, ilikuwa ikitoa karibu shilingi 1 tu. Miaka 10 ikapita, ikawa haijafika shilingi moja na nusu.

Wakanada walikuwa na udhuru wao, tena si wa kipumbavu. Wamezungukwa na bahari tatu, na upande wa kusini wana jirani mmoja, Marekani, mwenye nguvu kuliko wote, ambaye hakubali adui apite kwao kumfikia yeye. Mtu anayelala karibu na boma lenye mbwa wakali haoni sababu ya kununua mbwa wake. Hesabu hiyo iliharibika Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, ikaharibika zaidi mwaka 2025, wakati Rais Donald Trump wa Marekani aliposema mara kwa mara kwamba Kanada ingefaa iwe jimbo la 51 la nchi yake. Ghafula raia waliokuwa hawaulizi habari za jeshi wakaanza kuuliza. Tarehe 9 Juni, 2025, Waziri Mkuu mpya, Mark Carney, alitangaza kuongeza zaidi ya dola bilioni 9 kwa ulinzi katika mwaka huo wa fedha, ili ile shilingi 2 ifikiwe mara moja. Mwezi huo huo huko The Hague alikubali pamoja na wenzake wa NATO kwamba kufika 2035 iwe shilingi 5, tatu na nusu zikiwa za jeshi lenyewe, na moja na nusu za barabara, bandari na mambo mengine yanayolisaidia.

Fedha zilipatikana kwa siku moja. Manowari hazipatikani hivyo. Nyambizi nne za Kanada zilinunuliwa kuukuu kutoka Uingereza mwaka 1998, na mpango wa kupata nyambizi mpya kufikia 12 ulitangazwa mwaka 2024 tu.

Ama nyumba ya barabara ya Sussex, yenyewe haikupata Trump wa kuitisha. Carney alipoapishwa mwezi wa Machi, 2025, naye alikwenda kukaa Rideau Cottage, na katikati ya mwaka huo ilikuwa bado haijaamuliwa kama namba 24 itatengenezwa, itabomolewa, au Waziri Mkuu atajengewa nyumba mahali pengine.