Barafu Haiui Vijidudu

Jua linapokuwa kali, biashara ya barafu hushamiri mbele ya shule na katika vituo vya mabasi vya miji ya pwani. Mama hukoroga ubuyu au ukwaju, hutia sukari, humimina katika vifuko vyembamba vya nailoni na kuvigandisha usiku kucha. Kesho yake watoto huvinunua na kuvifyonza kwa furaha. Muuza sharubati naye huvunja bonge la barafu na kulitumbukiza ndooni. Wanunuzi wengi hawana wasiwasi, kwa kuwa huamini kwamba baridi kali imekwisha kuua kila kijidudu kilichokuwamo katika maji. Imani hiyo si ya kweli, na wakati wa kipindupindu yaweza kuleta msiba.

Chanzo cha imani hiyo chaeleweka. Nyama iliyogandishwa haiozi, na maziwa yaliyogandishwa hayachachi. Lakini chakula huoza kwa sababu bakteria na kuvu hukila na kuzaana ndani yake. Katika baridi ya nyuzi 18 za Sentigredi chini ya sifuri, bakteria hawawezi kuzaana. Hata hivyo, kutozaana si kufa. Hali yao yafanana na ya mbegu ghalani: haioti, wala haikufa, yangoja mvua tu.

Yafaa kueleza jinsi jambo hili litokeavyo. Maji yanapoganda, molekuli zake hujipanga na kuwa fuwele. Fuwele hizo hazipokei chumvi wala sukari, bali huzisukuma kando, zikajikusanya katika vijia vyembamba vya majimaji mazito ambayo bado hayajaganda. Bakteria nao husukumwa humo. Baadhi yao hufa, ama kwa kunyonywa maji na chumvi iliyowazunguka, ama kwa kuharibiwa utando wa seli zao. Wengine husalia. Sukari na protini za maziwa huwakinga, hivyo kwamba aiskrimu yaweza kuwahifadhi vizuri kuliko barafu ya maji matupu. Virusi vingi vinavyosababisha kuhara na kutapika hustahimili baridi zaidi. Maabara za sayansi hata huhifadhi bakteria kwa miaka mingi kwa kuwachanganya na gliserini na kuwagandisha katika nyuzi 80 chini ya sifuri. Laiti baridi ingekuwa muuaji wa kuaminika, hazina hiyo ingalikwisha kupotea zamani.

Ushahidi wa jambo hili si mpya. Mwaka 1887, daktari T. Mitchell Prudden wa New York aligandisha bakteria wa homa ya matumbo, akawakuta baadhi yao wangali hai baada ya zaidi ya miezi 3. Mwaka 1985, watafiti wa Marekani walitia bakteria wa kuhara katika maji, wakayagandisha, kisha wakaiyeyusha barafu hiyo katika vinywaji mbalimbali, vikiwemo soda na pombe kali. Hakuna kinywaji hata kimoja kilichowaua bakteria wote. Mwaka 1987, mamia ya watu katika majimbo ya Pennsylvania na Delaware waliugua kwa kutumia barafu ya kiwanda ambacho visima vyake vilikuwa vimeingiwa na maji ya mafuriko.

Mwaka 1994 ulileta funzo lingine. Aiskrimu iliyokadiriwa kuwaambukiza watu wapatao 224,000 nchini Marekani ilitengenezwa kwa mchanganyiko uliokwisha kuchemshwa ipasavyo. Kosa lilikuwa katika usafirishaji: mchanganyiko huo ulipakiwa katika magari ya tangi yaliyokuwa yamebeba mayai mabichi. Hivyo kuchemsha peke yake hakutoshi, ikiwa chombo kinachofuata ni kichafu.

Mambo hayo yanatuhusu sisi pia. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea katika mikoa mingi, na ugonjwa huo huambukizwa hasa kwa maji na chakula. Mtu aweza kuchemsha maji ya kunywa nyumbani kwa uangalifu mkubwa, kisha akaharibu kazi yake yote kwa kutia kipande kimoja cha barafu iliyotokana na maji ya kisima kichafu.

Kwa hiyo, usalama wa barafu huamuliwa kabla maji hayajaingia katika jokofu. Maji yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu kwa muda wa dakika 1 au zaidi, na ubuyu uchemshwe pamoja nayo, kisha yaachwe yapoe katika chombo safi chenye kifuniko. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kujaza vifuko. Mkaa una gharama, na faida ya mama muuzaji ni ndogo. Asiyemudu kuchemsha aweza kuchuja maji kwa kitambaa safi na kuyatia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa katika pakiti yake. Barafu ya kupozea samaki isitiwe kinywani kamwe. Aiskrimu iliyoyeyuka na kukaa katika joto wakati umeme umekatika isigandishwe tena kwa ajili ya kuuzwa, maana vijidudu huwa vimekwisha kuzaana, na baridi haitawaondoa.

Naye mnunuzi asiyejua asili ya barafu anayo njia rahisi: chupa iliyofungwa na izikwe ndani ya barafu, ifutwe vizuri kabla ya kufunguliwa, wala barafu isitiwe ndani ya kinywaji. Baridi itapenya chupa. Vijidudu vitabaki nje.