Fahamu: Mantiki inavyopima ugumu wa kazi za kompyuta

Tuseme vijiji vya Taita Taveta, Kishushe kikiwemo, vinapangiwa siku ya soko: Jumatatu, Jumatano au Ijumaa, na majirani wasigongane. Ratiba ikiletwa, kuikagua ni rahisi. Kazi ipo kwenye kuitafuta: vijiji 20 tu vina mipangilio takriban bilioni 3.5.

P na NP ni nini?
Maswali ambayo jibu lake likiletwa hukaguliwa upesi huitwa NP. Yanayotatuliwa upesi huitwa P.

Mantiki inaingiaje?
Mwaka 1974, Ronald Fagin alithibitisha kuwa NP inaelezeka bila kutaja kompyuta wala muda. Ni maswali yanayoandikika kwa kudai kuna makundi au mahusiano fulani, kisha kuyawekea masharti: "Kuna makundi matatu, kila kijiji kimo katika kundi moja, majirani hawamo pamoja."

Mwaka 1982, Neil Immerman na Moshe Vardi, kila mmoja kivyake, walionyesha kuwa P pia ina mantiki yake, yenye kanuni za kujirudia, mradi vitu vimepangwa kwa mfuatano.

Kwa nini ni muhimu?
Swali la iwapo P na NP ni sawa, fumbo ambalo taasisi ya Clay ililiwekea dola milioni 1 mwaka 2000, sasa laweza kuulizwa hivi: je, vitu vikiwa vimepangwa kwa mfuatano, mantiki hizo mbili zina uwezo sawa?