Somo la Redio: Picha za Rafiki wa Zamani



Mwalimu wenu aliwaomba mje na picha moja ya zamani. Iweke mezani mbele yako. Kama huna, tazama pamoja na jirani yako. Shika na kalamu ya risasi. Leo tutajifunza namna ya kuzungumza na rafiki wa zamani juu ya picha, na namna ya kuyaandika mazungumzo hayo yasipotee.

Huenda wasema moyoni, "Kutazama picha ni kupitisha wakati tu. Hilo nalo ni somo?" Ngoja nikueleze jambo lililonipata mimi mwenyewe.

Baba yangu alipofariki, tulikuta picha moja katika sanduku lake. Vijana watano wamesimama, na nyuma yao yaonekana reli. Baba yuko katikati, amevaa koti zuri. Sisi watoto tulifurahi, tukasema, "Kumbe baba alikuwa na mali ujanani!" Lakini wale wanne wengine hatukuwajua. Nikaigeuza picha. Nyuma hapakuwa na neno hata moja, maana wakati ule baba alikuwa hajajua kuandika.

Nikaipeleka Makambako kwa mzee mmoja aliyefanya kazi na baba. Mzee huyo kwao ni Ludewa. Alipoiona picha alicheka mpaka akafuta machozi. Akaweka kidole juu ya uso mmoja mmoja. "Huyu ni mimi. Huyu ni baba yako. Na koti hilo si lake! Ni la huyu hapa wa mwisho, mwenye shati lililochanika. Siku hiyo tulikuwa tumepokea mshahara. Baba yako alitaka kutuma picha nyumbani, naye akamvulia koti lake, akamwambia, 'Vaa, wazee wakuone u mzima.'" Akanisimulia jinsi walivyokula pamoja, na jinsi walivyokunywa ulanzi kwa mbeta moja iliyozunguka.

Nikamwuliza, "Mwenye koti aliitwa nani?" Mzee akanyamaza. Alikuwa amelisahau jina. Akasema, "Mwenzetu huyu wa pili yuko Njombe, yeye analijua." Tulipopiga simu Njombe, tulijibiwa na mjane wake. Mumewe alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

Basi, mwanafunzi, mpaka leo mtu aliyemvika baba yangu koti hatumjui jina. Tumechelewa mwezi mmoja. Picha huonyesha uso, lakini jina haiwezi kulisema. Jina limo katika vichwa vya rafiki, na rafiki hawaishi milele. Ndiyo maana kazi hii yafaa ifanywe sasa.

Sasa tuanze kazi.

Kwanza, keti na rafiki yako. Kama yuko mbali, mwandikie barua au mpelekee picha kwa simu. Usianze kwa kumhoji kama karani. Mwachie aitazame, acheke, akumbuke. Kisha uliza maswali manne: Ni nani hawa? Ni wapi hapa? Ilikuwa lini? Tulikuwa tukifanya nini?

Pili, jueni ya kwamba mtasahau, na pengine mtabishana. Huo si ugomvi. Tafuteni ushahidi ndani ya picha yenyewe. Shangazi yangu alishika neno kwamba picha ya baba ilipigwa mwaka wa uhuru, yaani 1961. Lakini nyuma yao pana reli, na mzee wa Makambako asema walikuwa wakiijenga. Reli hiyo ni ya TAZARA, iendayo toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, mwendo wa kilomita 1,860. Kazi ya kuijenga ilianza mwaka 1970, ikamalizika mwaka 1975. Sehemu ya Mlimba mpaka Makambako ilikuwa ngumu sana kwa sababu ya milima, madaraja na mahandaki. Basi picha yetu haikuweza kupigwa mwaka 1961. Twaandika, "kati ya 1970 na 1975." Hatujui mwaka wenyewe hasa, lakini hatukudanganya.

Nawe tumia matukio yajulikanayo na watu wote. Je, picha ilipigwa kabla ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, au baadaye? Ilikuwa kabla ya vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979? Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, alikuwa hai? Mkoa wa Njombe ulikuwa umekwisha kutengwa na Iringa, jambo lililotimia mwaka 2012? Hivyo mwaka utaupata kidogo kidogo.

Tatu, andika. Laza picha kifudifudi juu ya kitambaa safi. Andika nyuma, pembeni, kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza. Kalamu ya wino haifai, kwani wino huweza kupenya na kuchafua uso wa picha. Kama mgongo wa picha unateleza na kalamu haishiki, andika katika karatasi na uiweke pamoja na picha ndani ya bahasha. Andika majina kwa kufuata mpango, kutoka kushoto kwenda kulia. Usiandike "mimi" wala "baba", maana mjukuu wako hatajua "mimi" ni nani. Andika jina kamili. Pale usipojua, andika "jina halijulikani". Mtu mwingine ataweza kulijaza.

(Hapa mwalimu asimame kidogo. Kila mwanafunzi aandike jina moja nyuma ya picha yake.)

Nne, itunze picha. Jua huifubaza, hasa picha ya rangi. Moshi wa jikoni huitia weusi. Huku kwetu nyanda za juu kuna ukungu na baridi, na unyevu huleta kuvu. Mende na mchwa hupenda karatasi. Basi usiitundike penye jua, wala usiibandike ukutani kwa gundi. Iweke katika bahasha, ndani ya sanduku kavu lililoinuliwa kutoka chini.

Mwenye simu ya kupigia picha na aipige ile picha ya zamani, kivulini, bila kuwasha taa ya simu. Kisha awapelekee rafiki zake. Simu ikipotea, picha itabaki kwa wengine. Lakini usiitupe ile ya karatasi.

Tano, kuwa na adabu. Usioneshe watu wote picha ya rafiki yako kabla ya kumwuliza. Jambo lililokuwa mzaha ujanani laweza kumwaibisha mbele ya wakwe. Na kama mwenye sura amefariki, waulize kwanza watu wa nyumba yake. Mara nyingi watashukuru, maana huenda hawana picha yake hata moja.

Mwaka 1971 Tanzania Bara ilitimiza miaka 10 ya uhuru. Ndipo yalipoletwa masomo ya redio yaliyoitwa Wakati wa Furaha. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza, kisha wakazungumza. Huenda katika darasa lenu yumo mzee aliyekuwamo. Mwulizeni. Naye huenda anayo picha isiyo na majina.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini picha isiyo na majina hupoteza faida yake?
2. Rafiki wawili wakibishana juu ya mwaka, wafanye nini?
3. Ni rafiki gani wa zamani utakayemtafuta juma hili, na utamwuliza juu ya picha gani?

Swali la tatu lisijibiwe kwa mdomo tu. Juma lijalo njoo na jibu lililoandikwa nyuma ya picha yako.

Na wewe usikilizaye, kama ulijenga reli karibu na Makambako, ukamwazima mwenzako koti ili apigwe picha, tafadhali mwambie mwalimu wa darasa lako. Pana nafasi moja nyuma ya picha ya baba yangu inayokungoja.

Kwa herini, mabibi na mabwana, mpaka juma lijalo.