Fahamu: Kwa nini kipimo cha taifodi hukosea

Ukiambiwa una taifodi ndani ya saa moja, huenda umepimwa kwa Widal, kipimo cha tangu 1896. Hakitafuti bakteria bali kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi yake. Hapo ndipo penye shida: kingamwili huchukua takribani wiki moja kuonekana, kisha hubaki damuni kwa miezi. Anayeumwa leo huweza kuambiwa mzima. Aliyepona zamani huweza kumeza antibiotiki bure. Kuotesha damu maabarani, ili bakteria wenyewe waonekane, ni bora zaidi, ingawa huchukua siku kadhaa na hukosa wagonjwa karibu 4 kati ya 10. Ndiyo maana watafiti wanazichunguza kingamwili za aina ya IgA, ambazo hupungua mapema ugonjwa ukiisha. Kwa sasa, jibu moja la Widal halitoshi. Muulize daktari kuhusu kuotesha damu kabla hujaanza dawa.